Fimbo Moja kwa Kila Mwanachama

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema kwa sababu wanaonijua watalisema hata nikinyamaza. Nilipokuwa nauza samaki soko la Mamboleo, kabla sijaolewa, nilimvunja mwanamke mwenzangu jino kwa kifuniko cha sufuria kwa sababu alimwita mteja aliyekwisha kuinama kwenye beseni langu. Damu ilimtiririka hadi kwenye aproni, na wanawake wengine wakanikalia kifuani mpaka nilipotulia. Mama yangu aliniambia "hasira hasara" mara nyingi mno hata nikadhani ni jina langu la ubatizo. Gharama ya jino niliilipa. Lakini tangu siku hiyo hakuna mchuuzi aliyethubutu kumwita mteja wangu, na nikaondoka Mamboleo nikiamini kwamba kipigo kimoja cha hadharani huokoa ugomvi mwingi wa kesho. Niliamini hivyo kwa miaka kumi na mitatu.

Niliolewa kwenye ufuo wa wavuvi kando ya ziwa, magharibi ya Kisumu, mahali ambapo karibu kila mtu ni binamu ya mtu mwingine. Mume wangu alikuwa na boti yake na injini kuukuu, mtu mrefu, mcheshi, mwenye kicheko cha kushtua kuku. Hakuwahi kuniinulia mkono. Mimi nilimrushia mwiko, ndala, na siku moja sufuria ya ugali pamoja na ugali wake. Watu walipomtania kwamba nyumbani kwetu suruali naivaa mimi, alijibu kwamba suruali ni zake ila mimi ndiye ninayezifua, kwa hiyo najua kila kilichomo mifukoni. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Nilikuwa na miaka thelathini na tano nilipojiandikisha Chuo Kikuu cha Maseno kusoma uchumi, madarasa ya Jumamosi ya watu wazima wenye kazi zao. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwembamba aliyefuta ubao kwa mkono wa koti. Siku moja alitupa habari ya wezi wawili waliokamatwa na kuwekwa vyumba tofauti. Wakinyamaza wote wawili, watafungwa kidogo. Mmoja akimsema mwenzake, yeye ataachiliwa na mwenzake atazeekea ndani. Basi kila mmoja, kwa kumwogopa mwenzake, anasema, na wote wawili wanaumia. Niliinua mkono nikamwambia kwamba kwetu mwizi hafikishwi chumbani. Darasa likacheka.

"Sasa Mama," akasema, "huko kwenu jiwe la kwanza hurushwa na nani?"

"Hakuna anayejua, Mwalimu. Unasikia tu limelia."

"Basi hilo ndilo swali gumu kuliko la wezi. Kila mtu anataka mwizi apigwe, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza."

Baadaye alitufundisha habari ya kitisho. Alisema kitisho kikiwa kikubwa, na kila mtu akaamini kwamba kitatekelezwa, basi hakitatekelezwa kamwe, maana hakuna atakayekijaribu. Kitisho kizuri ni cha bure. Sentensi hiyo niliipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu, na nikiwa njiani kurudi nyumbani nilikuwa nikiirudia kimoyomoyo.

Nilikuwa na mahali pa kuitumia. Kwetu kuna ghuba ndogo yenye matete, maji yake hayafiki kifuani, na huko ndiko samaki wetu, ngege, huenda kuzaa. Ngege jike huweka mayai mdomoni, yakaanguliwa humo humo, na vifaranga wakitishwa hukimbilia tena mdomoni mwa mama yao. Ukimvua wakati huo umevua ukoo mzima. Kila mvuvi alijua hilo. Kamati ya ufuo, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, iliifunga ghuba kwa miezi mitatu kila mwaka, na kila mvuvi aliunga mkono, na karibu kila mvuvi aliingia humo kwa siri. Waliwaza kitu kimoja: nikiacha mimi, wenzangu watavua, nami nitabaki mjinga mwenye wavu mkavu.

Tukaweka faini. Wiki ya pili mzee mmoja alinijia nikiwa nachambua dagaa wa omena, akaninyooshea noti mbili.

"Mama katibu, hii ni ya faini."

"Umevua lini, Mzee?"

"Bado. Ndiyo naenda saa hii. Niandikie risiti nisisumbuliwe huko."

Nilimfukuza kwa ufagio, lakini alikuwa ameelewa mambo kuliko kamati nzima. Kabla ya faini, mtu aliyevua ghubani alirudi akiwa na haya usoni. Baada ya faini alirudi kifua mbele, kama mtu aliyelipia kiti. Mwaka ule tulikusanya faini nyingi sana, na ghuba ikachotwa mpaka matope.

Halafu ikaja siku ya makasia. Boti mbili zilikutana ghubani mchana, zote mbili zikiwa zimetega nyavu zilizokatazwa, na kila upande ukauita mwingine wezi. Walipigana wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni. Kasia lilishuka juu ya kichwa cha mtu nikalisikia nikiwa ufuoni, sauti ya boga linaloanguka sakafuni. Mtu mwingine akachomoa panga. Mvuvi mmoja aliyeinua mkono kujikinga alirudi ufuoni bila vidole viwili, mkono ameufunga na shati, anamuuliza kila mmoja wetu kama tumeviona. Watu waliingia majini kuvitafuta kwa miguu, wakipapasa tope. Havikupatikana.

Mkutano uliitwa siku iliyofuata. Mwenyekiti wetu, fundi wa boti, mzee mwenye sauti ndogo, alisimama akasema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu wa vidole alikuwa ameketi mbele yake na bandeji, na hakuna aliyethubutu kucheka. Tatizo halikuwa kujua ni nani anavua. Tatizo lilikuwa ni nani atamshika. Mwaka mmoja kabla, jirani aliwaripoti wenzake, na boti yake ikakutwa imetobolewa kwa nyundo mahali saba. Tangu hapo kila mtu alikuwa akiona na hakuna aliyekuwa ameona.

Ndipo nilipoinuka na karatasi yangu. Nilikuwa nimeiandika nyumbani, nikaifuta, nikaiandika tena. Ilisema hivi: mvuvi yeyote atakayevua ghubani wakati imefungwa, kila mwanachama atampiga fimbo moja mbele ya watu wote, na mwanachama atakayekataa kupiga, au atakayewazuia wengine, atahesabiwa kuwa amevua, naye atapigwa. Niliwaeleza. Tukipiga wote, hakuna atakayechukiwa peke yake. Kwa kuwa asiyepiga atapigwa, hakuna atakayesita. Na kwa kuwa kila mtu anajua hakuna atakayesita, hakuna atakayevua.

"Kwa hiyo," nilimaliza, "hatutampiga mtu yeyote."

Tulikuwa wanachama thelathini na mmoja, na wote waliweka dole gumba kwenye daftari. Mwenyekiti alinunua fimbo katika soko la Sondu, fimbo ya kuchungia ng'ombe, ndefu na ngumu, akaitundika kwenye banda la mizani ambapo kila mtu angeiona. Nilijisikia kama mtu aliyegundua moto.

Mume wangu alikuwepo nilipokuwa naiandika sheria ile mezani petu. Alisoma juu ya bega langu, akinyonya muwa.

"Profesa, na akiwa ndugu yako?"

"Atapigwa."

"Na nikiwa mimi?"

"Utapigwa kama wengine."

Alicheka mpaka akapaliwa na muwa, nikampiga mgongoni ili apumue, na mimi pia nikacheka. Nilidhani amesikia jibu. Yeye alidhani amesikia utani, na tukalala hivyo, kila mtu na lake.

Wa kwanza kupigwa hakuwa wetu. Alikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya pili, aliyeingia ghubani bila kujua habari zetu, au akijua. Walimlaza kifudifudi juu ya boti iliyopinduliwa, mikono ikishika kingo zake, na tukapanga foleni. Kufikia fimbo ya kumi na tano hivi aliacha kulia, akawa anatoa pumzi tu kila ikimshukia. Zamu yangu ilipofika nilipiga kwa nguvu zangu zote, na nikaona raha. Sina haja ya kulifunika hilo. Kuna raha katika kumpiga mtu ambaye kila mmoja amekubali apigwe. Mkono unakuwa mwepesi. Alitambaa hadi kwenye boti yake, mgongo umepasuka, nzi wakimfuata, akaondoka bila kugeuka. Nami nilikula vizuri na kulala vizuri.

Ghuba ikatulia. Msimu ule hakuna wavu ulioguswa na maji yake, na ilipofunguliwa tulivua ngege wa ukubwa ambao watu walikuwa wameusahau. Wanaume walinisalimu kwa kuvua kofia. Mwenyekiti alinikatia kipande cha kichwa cha samaki mkubwa, mbuta, kwa mkono wake kwenye mkutano, heshima ambayo sikuwahi kumwona mwanamke akipewa.

Lakini msimu wa pili hesabu iligeuka, na mimi msomi sikuona. Kadiri watu walivyotii, ndivyo ngege walivyojaa ghubani. Na kadiri ngege walivyokosekana sokoni, ndivyo hoteli za mjini zilivyopandisha bei yao. Utii wa watu thelathini ulikuwa unamnenepeshea faida mtu mmoja ambaye alikuwa bado hajajitokeza. Na mwezi wa pili wa kufungwa, injini ya mume wangu ikafa. Fundi alisema haifai hata kwa vipuri. Mume wangu alikaa siku nne akiitazama boti yake juu ya mchanga, hacheki, hataniani na mtu, nami nilikuwa na mtihani, nikamwambia asinipande kichwani na huzuni zake.

Alinieleza baadaye jinsi alivyowaza. Nani angethubutu kumleta mume wa katibu mbele ya katibu? Na akiletwa, nani mwenye daftari na kalamu? Aliona kwamba kati ya watu wote wa ufuo ule, yeye peke yake ndiye ambaye sheria yangu haiwezi kumgusa. Mimi nami nilikuwa na hesabu yangu. Niliona kwamba kati ya watu wote wa ufuo, wa mwisho kuigusa ghuba ni yule anayelala kitanda kimoja na hasira yangu. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na miwili, na kila mmoja alikuwa amemsoma mwenzake vibaya.

Walimleta asubuhi, jua limeshatoka, wachuuzi tukiwa tumesimama na mabeseni. Boti mbili zilikuwa zinaivuta ya tatu kwa kamba. Niliitambua kwa ubavu wake wa buluu niliokuwa nimeupaka mwenyewe. Mtu wa vidole ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Waliruka chini, wakaubinua wavu mchangani. Ngege walikuwa majike watupu. Walipoangukia mchanga walifungua midomo, na vifaranga wakamwagika nje, wengi wasiohesabika, wadogo kuliko mbegu za papai, macho tu. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mchuuzi kama mimi, alipiga magoti akaanza kuwazoa kwa viganja kuwarudisha majini, akiomboleza yawa, yawa, na wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla hajafika kwenye maji.

Mume wangu alikuwa ameketi ndani ya boti. Mdomo wake ulikuwa umevimba; walikuwa wamempiga kidogo huko walikomkamata. Aliniangalia, halafu akaangalia pembeni.

Mwenyekiti alileta daftari. "Mama katibu, soma."

Nilisoma. Sauti yangu ilitoka vizuri, jambo ambalo nalikumbuka kwa aibu. Nilipomaliza, mama mkwe aliinuka, mikono yake ikiwa bado na mchanga.

"Mwanamke hapigi bwana yake," akasema. "Hiyo ni mwiko. Hiyo kitu inafuata mpaka watoto. Jaduong', mzee wetu, ambia huyu mama akae kando."

Mwenyekiti alikuna kichwa. Nilimwona anatafuta mlango. "Pengine katibu akae tu kando," akasema. "Kazi yake ni kuandika."

"Akikaa kando, na mimi nakaa kando!" Alikuwa mtu wa vidole. "Huyu ni binamu yangu. Nani hapa si binamu yake? Omera, ndugu yangu, wewe je? Na wewe? Basi sisi wote tukae kando, tupeleke hii fimbo Sondu ikachunge ng'ombe!"

Alisema kweli. Nilijua kabla hajamaliza. Ningetoka mimi, na kila mmoja angekuwa na sababu yake ya kutoka, na mwakani yangekuwa makasia tena na mapanga. Na kama ningekataa, sheria yangu mwenyewe ilikuwa inanipangia foleni ya watu ishirini na tisa. Nasema ukweli: niliogopa vyote viwili, na sijui ni kipi kilichosema.

"Nitapiga," nikasema.

Mume wangu alishuka bila kusukumwa, akavua shati, akalala juu ya boti iliyopinduliwa, mikono kwenye kingo zake. Mgongo wake niliujua kuliko uso wangu. Mwenyekiti alichukua fimbo kwanza. Aliinua juu sana, watu wakavuta pumzi, na ikashuka kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye mkeka. Wa pili aliitazama fimbo, akamtazama mwenyekiti, naye akakung'uta vumbi. Wa tatu vilevile. Hakuna aliyekuwa amesema neno, na bado kila mmoja alikuwa ameelewa: mgeni alipigwa kwa nguvu, wa kwetu atapigwa kwa jina. Sheria ingeheshimiwa, daftari lingejazwa, na mtu angeenda nyumbani na miguu yake. Nilikuwa wa kumi kwenye foleni. Kufikia wa saba watu walianza kulegea mabega, na mchuuzi mmoja nyuma yangu akacheka kidogo.

Fimbo ilifika mkononi mwangu. Nilisimama kando ya kichwa chake, na alikuwa amegeuza uso upande wangu, shavu likiwa juu ya mbao. Akatabasamu.

Nilikuwa nikitetemeka, na tabasamu lile liliuzima mtetemeko wote. Niliona mtu aliyeshinda. Niliona kwamba alikuwa amenicheza tangu siku ya muwa. Kwamba alijua watampapasa, alijua nitampapasa, na usiku huohuo angenitania nikiwa napika. Niliona vifaranga mchangani. Niliona miaka yangu ya Jumamosi, mistari yangu myekundu, kofia zilizovuliwa kwa ajili yangu. Nikapiga.

Fimbo ya kwanza ilipasua ngozi kutoka bega hadi kiunoni. Alipiga kelele, kelele ya mshangao kuliko maumivu, akaupeleka mkono wa kulia nyuma kujikinga, na fimbo ya pili ikaukuta mkono. Nilisikia mifupa. Ya tatu ikaukuta tena mkono uleule. Sheria ilidai moja. Mbili zilikuwa zangu, na kama mwenyekiti asingenishika kifundo cha mkono, zingekuwa nne na tano.

"Moja, Mama," alikuwa akininong'oneza. "Moja. Moja imetosha."

Akaninyang'anya fimbo akampa wa kumi na moja, mwanaume mpole, mwimbaji wa kanisani, binamu kamili wa mume wangu. Aliishika fimbo akaniangalia. Nilimwona anawaza, na niliweza kuyasoma mawazo yake neno kwa neno kwa sababu nilikuwa nimeyaandika mimi. Kama mke amepiga hivi, binamu akipiga pole ataitwa nani? Mshirika. Akapiga kwa nguvu. Wa kumi na mbili hakuweza kupungua wa kumi na moja. Wa kumi na tatu alikuwa na adui yake kwenye foleni nyuma yake, anayemtazama, na akaongeza. Hivyo ndivyo ilivyopanda. Kila mtu alikuwa akimpiga mume wangu ili asipigwe yeye, na kila fimbo ilikuwa bei ya inayofuata.

Nilisema basi. Nililia, nikasema basi, imetosha, naifuta hiyo sheria. Mwenyekiti aliniangalia akiwa na machozi yake mwenyewe.

"Sheria haifutwi katikati, Mama. Ukifuta sasa, hawa tisa wa kwanza walipiga bure? Na wewe je?"

Ningeweza kujitupa juu yake. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko sala. Mama mkwe alijaribu, wanaume wawili wakamwondoa kwa kumbeba. Mimi nilikuwa mwanachama, nami nilijua kifungu cha pili kinasema nini juu ya mwanachama anayezuia, na miguu yangu ikabaki palepale. Fimbo moja ilimpata sikioni. Nyingine ilimpata kwenye figo, mahali penye nyama laini juu ya mkanda, akajikojolea. Mtu wa vidole alipiga kwa mkono wake wenye vidole vitatu, fimbo ikamponyoka, akaiokota akapiga tena. Watu ishirini walipiga baada yangu. Niliwahesabu kwa sababu nilikuwa katibu.

Hospitalini Kisumu tulisema alibanwa kati ya boti mbili. Daktari alinitazama, akaitazama mistari mgongoni, akaandika alichoambiwa. Mume wangu alikojoa damu wiki mbili. Sikio la kushoto lilikufa. Vidole vya mkono wa kulia viliunga vibaya, vimejikunja, haviwezi kuvuta kamba wala kufunga kifungo. Wazee waliitwa, manyasi, dawa ya miti ya kutakasa, yakachemshwa, tukanyweshwa wote wawili ili mwiko ule usitufuate. Mama mkwe alikunywa maji aliyokuja nayo mwenyewe. Mpaka leo hali chakula changu.

Na sheria ilifanya kazi. Hilo ndilo linalonichoma. Tangu siku ile hakuna aliyeigusa ghuba, si mwenyeji si mgeni. Ngege wamejaa mpaka unawaona wakipindua maji. Watu wa fuo nyingine wamekuja na madaftari kunakili vifungu vyetu, na kamati huwakaribisha kwa soda. Nilijiuzulu ukatibu. Nilimaliza shahada pia, kwa ukaidi tu. Swali la kitisho lilikuja kwenye mtihani wa mwisho, nikalijibu vizuri, nikapata alama ya juu kuliko darasa zima. Nililia chooni mpaka msafishaji akanigongea mlango.

Mume wangu siku hizi anapima samaki kwenye banda la mizani, kazi ya kukaa. Hajawahi kunigombeza. Hajawahi kuniuliza habari ya zile mbili za ziada, ingawa alizihesabu, mgongo huhesabu. Anacheka tena, si kama zamani, na tunaishi. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba ananisamehe kwa sababu alijua kosa lake. Alinicheza, nikamcheza, tumelipana. Nililishika hilo kama mtu anavyoshika kamba ndani ya maji.

Juzi, Jumapili baada ya kanisa, nilimpikia ngege wa nazi ya dukani, na kama kawaida nikaketi upande wa sikio lake zima ili nimtolee miiba, maana vidole vyake haviwezi. Alikuwa anatafuna taratibu. Bila kuniangalia akasema:

"Siku ile nilikuchekea. Uliona?"

"Niliona."

"Nilikuona umesimama pale unatetemeka kama kuku imenyeshewa. Nikasema, huyu mama anaogopa, atazimia hapa. Wacha nimchekee ajue hakuna kitu mbaya. Apige tu kama wale wengine, twende nyumbani."

Akamaliza tonge lake, akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua maji.

Nimesoma kwamba mtu akisema jambo lisiloweza kuhakikishwa, kwanza utafute faida yake. Nikaitafuta. Nilitafuta anachopata kwa kunidanganya, leo, baada ya miaka yote hii, mdomo wake ukiwa na chakula. Nilitafuta mpaka kipande cha samaki kikapoa mkononi mwangu, na sikuiona.